Mwanamke Aliyekaa Roshanini

Siku ya kuniaga kazini mlinipa picha yangu mwenyewe ndani ya fremu, nimeinama juu ya meza ya kuchorea, na jambo la kwanza nililolifanya mbele yenu nyote ni kuigeuza nitazame nyuma. Mlicheka. Mimi sikuwa nafanya mzaha. Nilitaka kujua nani kaipiga na lini, maana ule mtandio wa kijani niliojitanda sikumbuki kuwa nao. Nassra, mchoraji mwenzangu, akanambia, "Bi Rukia, leo tu, pokea ukae." Nikapokea nikakaa. Lakini nilipofika nyumbani Mpendae niliitoa kwenye fremu.

Sasa mmeniomba niwaandikie ya kazini. Habari za vyeo na mishahara zimo kwenye mafaili, kama panya hawajazisoma kabla yenu. Mimi nitaandika habari za picha, kwa sababu ndizo zilizonimaliza macho. Kwa atakayesoma haya bila ya kutujua, kazi yetu ilikuwa kuchora nyumba kongwe za Mji Mkongwe kwa vipimo, ukuta, ngazi, mlango na roshani, ili fundi akija kurudisha kilichoanguka ajue kilikuwaje. Tabu ni kwamba kilichoanguka mara nyingi hakipo tena cha kupimwa. Kinachobaki ni picha. Mwenye nyumba huja nayo kwenye bahasha, au siku hizi kwenye simu, akaiweka mezani kama mtu aliyemaliza maneno. "Hii hapa. Ilikuwa hivi."

Na mimi huuliza, "Nani kasema?"

Tabia hii sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa na Maalim Khatibu, aliyekuwa mkuu wa chumba cha kuchorea nilipoingia kazini. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye kofia ya viua isiyowahi kukaa upande. Siku yangu ya kwanza alinipa picha ya rangi nyeusi na nyeupe, kichochoro na nyumba yenye mlango wa nakshi, akaniambia nichore uso wa nyumba ile. Nilichora mpaka adhuhuri. Alipotoka kusali alisimama nyuma yangu, akatazama, akasema, "Umechora vizuri. Chukua ubao wako, tukaisalimie nyumba yenyewe."

Tulipofika nilidhani amepotea njia. Mlango niliouchora kushoto ulikuwa kulia. Baraza niliyoichora kulia ilikuwa kushoto. Kila kitu kipo, na kila kitu kimehama.

"Nyumba si hii, Maalim."

"Nyumba ndiyo. Picha ndiyo siyo. Imesafishwa kinyume, filamu imegeuzwa." Akanionesha mtu aliyesimama barazani kwenye ile picha, ambaye mimi sikumjali kwa sababu sikuambiwa nichore watu. Mfuko wa shati lake ulikuwa kifuani upande wa kulia. "Umewahi kuona shati la mfuko kuliani? Kabla hujaitazama nyumba, mtazame mtu. Mtu akiwa kinyume, na nyumba kinyume."

Nilikuwa kijana, nilikasirika. Nikamuuliza kwa nini hakunambia asubuhi, nikajichosha bure.

"Ungenisadiki," alisema. "Sikutaka unisadiki."

Vifaa alivyonirithisha havikuwa vingi. Kioo cha kukuzia chenye mpini uliofungwa uzi wa kuvulia, penseli ngumu, na tepu ya kitambaa iliyorefuka kwa uzee, ambayo kwa hiyo nayo ilikuwa ikishukiwa. Kila Jumatatu tuliilinganisha na rula ya chuma. Maalim alikuwa akisema tepu na mwanadamu ni wamoja, wakivutwa sana huacha kusema kweli. Nyinyi mna vifaa vya mwanga vinavyopima ukuta bila kuugusa, na vizuri. Vilinganisheni na rula ya chuma.

Nisiseme kila aliyetuletea picha alikuwa mwongo. Wengi hawakuwa. Seremala mmoja hodari wa nakshi alipewa kazi ya kurudisha fremu ya mlango ulioliwa na mchwa, akapewa picha ya mlango ule ulipokuwa mzima. Alichonga kila jani. Kazi ilipokwisha nikaitwa kuitazama, nikaona juu ya mlango, pembeni, kiua kidogo cha duara kisichokuwa na mwenzake. Nakshi zetu haziachi kitu pweke namna ile. "Kimo kwenye picha," aliniambia, na kweli kilikuwemo. Niliitia picha kiooni. Nzi alikuwa ametua juu yake, zamani sana, akaacha alichoacha.

Mlango ulikwishatundikwa. Miaka ikapita, na wachoraji wanaouzia wageni karibu na Forodhani wakaanza kuuchora mlango ule pamoja na kiua chake, kisha wakawa wanachorana wao kwa wao. Mwisho akaja mwanafunzi na picha ya mchoro mmojawapo, akanieleza kwamba kiua kile ni alama ya uzazi. Nikamwambia ni alama ya nzi. Hakuandika.

Wakati mmoja niliazimwa Kizimbani, kwenye kituo cha kilimo, kuchora majani ya viungo kwa ajili ya vitabu vya skuli. Nilipewa picha, nzuri, za rangi. Jani la karafuu lilikuwa na umanjano ukingoni, na hakuna aliyeweza kunambia kama ni maradhi au ni jua la jioni. Tukatoka kwenda kuutazama mti uliopigwa picha. Tawi lile lilikwishakatwa. Nililichora la kijani, na mpaka leo sijui kama nilimponya mgonjwa au nilisawazisha mwanga mbaya.

Ukizoea kutazama hivi huachi ukitoka afisini. Harusini watu hawanioneshi albamu. Mtoto wa dada yangu alinionesha picha ya posa yake, watu watatu wamekaa kwenye kochi, nikamuuliza ule mkono wa saba ni wa nani. Mpaka leo mamaye ananisalimia kwa mbali.

Lakini kazi niliyotaka hasa kuwaandikia ni ya nyumba ya Bi Zuleikha, katika miaka yangu ya mwisho. Nassra alikuwepo, na nikikosea atasema.

Asubuhi moja aliingia afisini mtu anayeitwa Fahmi, wa makamo, shati limepigwa pasi ya kukata, manukato yametangulia mbele yake. Alikuwa akiishi na shangazi yake, Bi Zuleikha, dada wa marehemu baba yake, kwenye nyumba ya ghorofa katika vichochoro vya ndani. Shangazi ndiye aliyemlea. Ghorofa ya juu alitaka kuifanya ya wageni, na alitaka kuirudisha roshani iliyoanguka kabla yeye hajazaliwa. Utaratibu mnaujua: kilichokuwepo hurudishwa, kisichokuwepo hakiongezwi. Kwa hiyo alihitaji kuthibitisha kwamba roshani ilikuwepo.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba. Picha yenyewe iko wapi?"

"Mwache akae kwanza," Nassra akasema.

Akakaa, akafungua simu. Ilikuwa picha ya picha ya zamani. Mpigaji alisimama chini, pembeni mwa kichochoro, akainua kamera. Nyumba ilikuwa ile, na juu yake roshani ya mbao, ukingo wake umechongwa vizuri mno. Na kwenye roshani amekaa mwanamke kijana, kanga begani, mkono juu ya ukingo, anaitazama kamera.

"Huyu bibi yangu," alisema Fahmi, na sauti yake ikashuka. "Mama yake shangazi na baba. Alifariki baba yangu akiwa anatambaa."

Nikaikuza picha. Jua lilikuwa likiipiga nyumba kutoka kulia. Kivuli cha kila ubao wa dirisha kimelala kushoto. Uso wa mwanamke ulikuwa na mwanga upande wa kushoto na kiza upande wa kulia. Nikauangalia mkono. Mkono ulioegemea kitu hubonyea. Wa kwake ulikuwa juu ya ukingo lakini umeelea, kama wa mtu aliyekuwa kaegemea meza, meza ikaondolewa.

"Mwanamke huyu hakuwepo," nikasema.

"Nani hakuwepo?"

"Huyu. Ametiwa."

"Bi Rukia, huyo ni bibi yangu!"

"Sisemi si bibi yako. Nasema hakuwepo."

Nikamwambia alete picha ya asili. Akasema shangazi haitoi chumbani mwake, na hata hii aliipiga kwa simu mwaka shangazi alipougua, yeye akiwa anamtafutia dawa kabatini. Jibu hilo halikunifurahisha hata kidogo. Siku hizi mtu hujenga roshani kwenye simu kahawa yake haijapoa. Nikasema moyoni, huyu kamtia bibi makusudi. Mtu akimwona bibi wa watu hulainika, hazitazami mbao.

Alipotoka Nassra akasema, "Labda ni mapenzi tu, Bi Rukia."

"Mapenzi yametengeneza picha za uongo nyingi kuliko wizi," nikamjibu, bila ya kujua nasema nini.

Wiki iliyofuata tulikwenda, mimi, Nassra, na mwashi wetu Fundi Makame. Tulipiga hodi, tukapanda ngazi. Bi Zuleikha alikuwa amekaa ukumbini juu ya busati, mwili mdogo, macho makali. Umri wake ulikuwa umepita themanini. Tulipomwamkia aliitikia, kisha akanitazama mimi peke yangu.

"Wewe ndiye uliyesema mama yangu hakuwepo?"

"Naam, Bi."

"Kaa."

Ikaja chai ya rangi na visheti. Nimeshanyweshwa chai nyingi za kunilainisha, nikawa nakunywa kwa hadhari. Bi Zuleikha akamwambia Fahmi ampeleke fundi akautazame ukuta. Walipotoka, aliinuka taratibu, akaingia chumbani, akarudi na kitu kilichofungwa katika kitambaa cheupe. Hakunipa mkononi. Alikiweka juu ya busati, akakisogeza mbele yangu kwa vidole viwili.

Niliigeuza kwanza, nyuma hakukuwa na kitu. Nikaitia kiooni. Karatasi ilikuwa moja, laini, haikuungwa popote. Lakini ndani ya picha yenyewe, kuzunguka bega la mwanamke, palikuwa na mstari mwembamba kuliko unywele. Picha mbili ziliwekwa pamoja, zikapigwa upya zikawa moja. Kazi ya mkono, ya mtu mwenye mkasi mzuri. Na ilikuwa kuukuu. Fahmi hakuwa amezaliwa.

"Umeuona?" akaniuliza Bi Zuleikha.

"Nimeuona mkato, Bi. Umezunguka bega."

"Yule fundi wa studio aliniapia hautaonekana."

Nassra aliweka kikombe chini.

"Mama hakupigwa picha hata moja," Bi Zuleikha akasema. "Alikuwa hataki. Alipokufa mimi nilikuwa mdogo, bado nasoma Kurani chuoni, sijahitimu. Hii nyumba aliipiga jirani aliyekuwa na kamera, baada ya msiba, na roshani tupu kama unavyotaka wewe. Akatupa picha. Basi nilipokuwa mwari, kila mtu alikuwa akinambia, Zuleikha, we mama yako mtupu, sura moja. Mama yako mtupu! Nikaitoa kanga yake sandukuni, nikenda nayo studio. Fundi akanikalisha, mkono juu ya meza. Akanikata, akanitia pale."

"Kwa hiyo huyu," Nassra akaanza.

"Huyu mimi."

Chini kichochoroni mtu alipita akiuza ndizi. Bi Zuleikha akamngoja apite.

"Ndugu yangu alikuwa hamjui mama. Nilitaka awe na mama wa kumtazama. Nikaitundika hapo ukutani, nikamwambia, huyo ndiye. Akakua naye. Akaoa, akamwonesha mkewe. Fahmi kazaliwa kamkuta bibi yake ukutani. Nilikuwa nimefanya jambo zuri, au sivyo?"

Niliuliza ninalolijua kuuliza. "Na kwa nini uliiteremsha, Bi?"

Alikikunja kile kitambaa cheupe, pembe kwa pembe.

"Kwa sababu nilikuwa nshamsahau. Uso wa mama mimi nilikuwa nao, mwanangu. Mdogo, lakini nilikuwa nao. Nikaitazama hii miaka na miaka. Sasa nkimkumbuka mama, nnajiona mimi. Nkifumba macho anakuja yule msichana wa studio na kanga ya kuazima. Yeye haji. Nimemfuta kwa mkono wangu mwenyewe."

Nimewahi kukaa na watu waliotaka kunidanganya kwa picha, wengi, na nilijua la kufanya nao. Huyu alidanganywa na picha aliyoitengeneza mwenyewe, naye aliitengeneza kwa ajili ya mtoto asiyekuwa na mama. Kioo kilikuwa bado mkononi mwangu. Nikakitia mfukoni.

"Bi, itabidi niandike kwamba picha imeunganishwa."

"Andika. Usiandike nani."

"Siandiki nani."

"Na Fahmi nitamwambia mimi."

"Vizuri, Bi." Nilitaka kuinuka, lakini mnanijua. "Na roshani yenyewe? Nayo haikutiwa?"

Kwa mara ya kwanza akacheka, mkono mdomoni. "We mtoto, mama yako kakulea na nini?"

"Na wasiwasi, Bi."

Ukuta ulitujibu siku ileile. Fundi Makame alipanda ngazi kwa nje, akawa anagonga kwa mpini wa nyundo chini ya madirisha, akisikiliza. Mlio ukabadilika. Akabandua chokaa, ikatoka vumbi, na ndani ya jiwe kikaonekana kichwa cha boriti kilichokatwa kwa msumeno, cheusi, kigumu bado. Akagonga mbele, akakuta kingine. Roshani ilikuwepo. Nilipanda mwenyewe, kwa miaka yangu ile, nikapima kutoka boriti ya mwanzo mpaka ya mwisho, nikashuka nikiwa na habari isiyomfurahisha Fahmi. Kwenye picha roshani ilikuwa imemeza madirisha mawili. Ukutani ilikuwa ya dirisha moja. Jirani wa kamera alisimama chini mno na karibu mno, mbao zikamjia usoni zikaficha kilichokuwa nyuma yake.

Fahmi alikuwa ameshawapangia wageni kahawa kule juu. "Meza ngapi zitaingia, Bi Rukia?"

"Meza haiingii. Kitaingia kiti, na mtu asiwe ameshiba sana."

Baada ya siku chache alikuja afisini bila ya manukato. Nilijua ameshaambiwa. Alikaa mwenyewe bila kukaribishwa, akaziangalia penseli zangu.

"Nimekuwa nikimwombea bibi yangu dua tangu nilipojua kusoma," alisema. "Nnaombea huku nnaitazama ile picha. Kumbe nnamtazama shangazi, yupo jikoni anapika."

"Dua haipotei," Nassra akamwambia.

"Hiyo nnaijua. Lakini yeye sasa halali vizuri. Anawatafuta waliomjua mama yake, awaulize pua ilikuwaje, macho yalikuwaje. Hawapo. Wote wametangulia." Akatoa simu. "Nimeona kuna namna. Unatia sura ya shangazi alipokuwa kijana, unatia ya baba, kompyuta inakutolea mama yao. Nimeshajaribu. Hebu tazama."

Nilitazama. Alikuwa mwanamke mzuri sana, ngozi kama ya mtu asiyewahi kupika kwa kuni, na mwanga wake ulikuwa sahihi kila upande. Hapakuwa na kosa hata moja la kulishika, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Umemwonesha shangazi?"

"Bado."

"Usimwoneshe. Alikuwa na mmoja wa kumsahaulisha mama yake. Huyu atakuwa wa pili."

"Basi mchoree wewe. Wewe mchoraji. Atakueleza, uchore."

"Nichore kutoka wapi, Fahmi? Alichonacho kichwani ni sura yake mwenyewe. Nikimsikiliza nitamchora yeye tena."

Alisema nina roho ngumu. Nassra hakumkatalia. Lakini simu aliirudisha mfukoni, na kabla hajatoka aliuliza taratibu kama ile roshani tuna hakika nayo kweli, isije ikawa nayo ni maneno ya watu. Nikamwambia vichwa vya boriti havimpendi mtu wala havimchukii. Aliitikia kwa kichwa, lakini nilimwona ameanza kuwa na macho kama yangu, nikamhurumia.

Tuliichora ile roshani kwa namna ambayo ningependa muikumbuke. Kipimo tulikichukua ukutani. Nakshi za ukingo tulizichukua kwenye picha ya jirani, maana mbao zilikuwa za roshani yenyewe, na mkasi wa fundi wa studio haukuzigusa isipokuwa pale penye mkono. Chini ya ule mkono hatukujua kulikuwa na nini. Nassra alitaka kuendeleza nakshi ileile. Mimi nilitaka paachwe mbao tupu, ili atakayekuja ajue kwamba hapa hatukujua. Tulibishana hadi alasiri, na nikashinda kwa ukubwa wa umri, si kwa hoja. Seremala naye aliona tumerukwa na akili.

Kazi ilipokwisha tulikwenda kuipima. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, wakati ambao njia huanza kupata watu. Nilimaliza vipimo, vikawa sawa, jambo ambalo lilinifanya nivirudie. Fahmi alikuwa chini akizungumza na seremala. Bi Zuleikha alikuwa ameletwa mpaka chumbani, kwenye mlango wa kutokea roshani, na tulikuwa tumemwekea kiti nje.

Hakutoka. Alisimama pale ndani, ameshika mwimo wa mlango.

"We Nassra," akasema. "Nenda kakae pale. Kaa kama mtu anayetazama njia."

Nassra alinitazama mimi, kisha akenda akakaa. Bi Zuleikha akajishusha chini, polepole, nikamshika mkono, akakaa sakafuni ndani ya chumba, miguu ameikunja upande, mikono ameipakata kama aliyebeba kitu. Akawa anatazama. Mimi nilisimama nyuma yake na tepu yangu. Chini tulisikia watoto wanakimbizana, na mtu anamwita mwenzake, na mwenzake anaitika naam.

"Mgongo," alisema Bi Zuleikha.

"Unasemaje, Bi?"

Nassra alisikia, akataka kugeuka.

"Usigeuke! Usigeuke, mwanangu. Kaa hivyohivyo." Sauti ilikuwa imembadilika. "Mama mimi nilikuwa nikimwona mgongo. Yeye akikaa pale anatazama njia, mimi nipo hapa ndani na mdogo wangu mapajani, nimwangalie asitambae nje. Uso waliuona wapita njia. Mimi nikiona mgongo. Kanga ikimteremka bega hili, akiipandisha bila ya kuitazama. Hivi." Akainua mkono wake, akapandisha kanga isiyoteremka. "Na nywele kazisuka mbili, moja fupi kuliko mwenzake. Moja fupi! Nilikuwa nikitamani kuivuta."

Machozi yakawa yanateremka, naye hayafuti. Alikuwa akitabasamu.

Niliutazama mgongo wa Nassra. Ncha ya mtandio wake nayo ilikuwa imeteremka begani, upande uleule. Swali langu lilinijia lote mpaka kwenye ulimi: Bi, hiki ni kitu unachokikumbuka, au ni kitu unachokiona sasa hivi? Kwa miaka yote ile sikuwahi kulimeza swali la namna hiyo kwa ajili ya mtu yeyote, si mwenye nyumba, si bwana mkubwa, si ndugu yangu wa damu. Nililimeza. Kisha nikafikiri zile nywele mbili, moja fupi. Nassra nywele zake zilikuwa ndani ya mtandio, hazionekani.

Tulikaa hivyo mpaka jua likaondoka ukutani. Faili linataka picha ya kazi iliyokwisha, kwa hiyo nilitoa kamera, kwa mazoea tu.

"Hii usiipige," alisema Bi Zuleikha, bila ya kunigeukia.

Nikairudisha.

Kesho yake asubuhi nilisimama kichochoroni, mbali kiasi na juu ya ngazi ya jirani, ili roshani isije ikameza madirisha, nikapiga picha inayotakiwa. Ndiyo iliyomo kwenye faili. Mwanga wake ni sahihi, haikusafishwa kinyume, hakuna aliyetiwa. Inaonesha roshani ya dirisha moja, ukingo wa nakshi wenye kipande kitupu katikati, na hakuna mtu aliyekaa. Yeyote miongoni mwenu atakayeitoa siku moja kuitumia, na aitilie shaka.